Karatasi Isiyo na Maneno

Jumamosi, 21 Aprili 1979

Mvua ya kwanza ya maana. Imeingia ofisini kupitia dirisha lisilo na kioo, ikalowesha nusu ya rimu mpya ya karatasi, na padri wetu, Abuna Cirillo, amenitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeiita.

Daftari hili naliandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Wenzangu wa parokiani wanasoma Kiingereza na Kiarabu, na Mama hasomi kitu, kwa hiyo humu nitasema ninavyotaka. Mimi ni Natalina, nina miaka kumi na saba au kumi na minane, inategemea karatasi gani ya kambi ya wakimbizi unaiamini. Kazi yangu ni kupiga taipu barua za Abuna na nyimbo za misa. Lakini Jumamosi mchana Abuna anatuachia mashine ya kurudufu, nasi watatu tunachapa gazeti letu la picha. Gune anachora. Mimi natunga maneno yanayotoka midomoni mwa watu wake. Jada, mwenye duka mtaa wa Hai Jalaba hapa Juba, anatoa karatasi na kuuza.

Shujaa wetu ni Bwana Godoro. Amerudi kutoka Uganda na godoro kichwani, na kila anapolitandika anatokea mtu wa kulikalia. Leo amelitandika mbele ya ofisi ya serikali, na karani amemdai kibali cha kulala. Nimecheka maneno yangu mwenyewe mpaka Gune akanitaka nisiitikise meza. Anachora juu ya stensili kwa sindano aliyoichomeka kwenye kijiti, na mkono ukiteleza mara moja tu, nta inachanika na kazi ya siku mbili inakwenda na maji.

Jumatano, 25 Aprili

Mvua. Nimevua viatu nikavuka daraja pekupeku mpaka Gumbo, anakopika Mama. Mama amenicheka mbele ya madereva.

Jumamosi, 5 Mei

Karatasi zote zimekwisha kabla ya jioni. Dereva mmoja wa Torit amembandika Bwana Godoro kwenye mlango wa lori lake, na mwingine anasema amemwona Gulu, sokoni. Nimetembea nikiwa nimevimba kichwa siku nzima.

Mama hajali. Anapika chini ya rakuba, kibanda chake cha nyasi kando ya barabara ya Nimule iendayo mpakani, na maadamu sufuria inachemka, dunia iko sawa. Madereva wote wanamwita Mama Natalina. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe linabaki kanisani. Nilikuwa na miaka kumi nilipojua kwamba anaitwa Yangi, na nililijua kwa kusikia muuguzi wa kambini akiliita mara tatu bila mtu kuitika.

Jumamosi, 26 Mei

Gune alikwenda Nesitu Alhamisi kuuza kwenye maegesho ya malori. Amerudi na mfuko wake ukiwa umejaa vilevile. Barabara imefurika watu kutoka Uganda, wanakimbia vita na masufuria na mbuzi wao. Miaka yote ile ya vita vyetu sisi tulikimbilia kwao, leo wanakimbilia kwetu. Nimemuuliza kwa nini hakuuza hata moja. Amenijibu kwamba hakuona mahali pa kumweka Bwana Godoro.

Hajachora kitu leo. Mashine imekaa bure, na Jada amepiga kelele peke yake.

Jumamosi, 2 Juni

Nimekasirika na sitaki kuficha.

Gune amekuja na stensili iliyokwisha kuchorwa, visanduku sita. Nikaingiza karatasi kwenye taipu, nikamuuliza, haya, wanasema nini? Akasema, "Hii haina maneno, dada."

"Hata moja?"

"Hata moja. Ukitia neno utaharibu."

Nitaharibu! Mwaka mzima watu wananunua gazeti hili kwa ajili ya maneno yangu, na leo mimi ndiye mharibifu. Nimetazama picha zenyewe. Barabara yenye miguu mingi. Mwanamke ana mzigo kichwani, mtoto mgongoni, mwingine amemshika mkono, wa tatu anamfuata nyuma. Mwanamke anasimama penye kichuguu. Anamkalisha yule wa nyuma chini, anamtilia kitu mkononi. Kisha mgongo wa mwanamke, unakwenda. Kisanduku cha mwisho ni mtoto na kichuguu tu, wadogo sana, na weupe mwingi.

Nimemwambia watu watadhani karatasi imekosa wino. Jada amesema, "Ya bit, msichana wewe, mimi iko nauza kicheko. Hii nani nacheka?" Lakini Gune amezungusha mkono wa mashine mwenyewe, nakala mia tatu, bila kutuangalia.

Jumanne, 5 Juni

Hazinunuliwi. Nilisema.

Alhamisi, 7 Juni

Jada amechoka kuzitazama. Amezikata nusunusu, anafungia karanga. Nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilifika Gumbo saa kumi na moja, mvua imetulia. Nikakuta moto wa Mama umezimika na madereva wawili wamekaa na sahani tupu, wanatazamana. Mama alikuwa nyuma ya rakuba, amesimama. Karanga zimemwagika chini, kuku wa jirani wanazidonoa, na yeye hawafukuzi. Mama yangu, ambaye anamfukuza kuku hata kwenye ndoto! Mkononi ana nusu ya karatasi yetu, visanduku vitatu vya chini.

Akaniuliza, sauti ndogo, "Nani nakwambia wewe hii maneno?"

"Maneno gani, Mama? Hii haina maneno."

"Nani nakwambia!" Alipiga kelele hivyo, na dereva mmoja akainuka akaenda zake.

Nikamweleza kwamba ni Gune, kwamba ni hadithi ya kubuni, kwamba hata mimi sikuipenda. Hakusikia. Amekaa juu ya gogo, ameikunja karatasi mara nne, ameitia kifuani. Kisha amesema, kama mtu anayemwambia mwenzake bei ya chumvi, "Mimi ilikuwa na kijana. Jina yake Lagu. Mimi naweka yeye chini, hapa kwa barabara, mbele ya Nimule. Kalas, basi."

Miaka kumi na saba nimelala mkeka mmoja na mwanamke huyu. Nimemsikia akiota, najua jino gani linamuuma. Sijawahi kusikia jina Lagu nyumbani kwetu.

Nilimuuliza alikuwa na umri gani. Akasema miaka mitatu. Alikuwa na homa, ilikuwa mwaka ule Juba ilipowaka moto, kila mtu alikuwa mbioni. Nikauliza mimi nilikuwa wapi. Akasema, "Wewe iko na mimi."

"Lakini Mama, mwaka ule na mimi nilikuwa na mitatu. Tulikuwa pacha?"

Ameinuka akaenda kuwasha moto. Nimebaki na karanga chini.

Jumamosi, 9 Juni

Nimemkamata Gune mlangoni kabla hajaweka mfuko wake chini. Nani alikusimulia habari za mama yangu? Nilikuwa tayari kumpiga kwa kiti cha Abuna.

Ameduwaa. Hakujua lolote kuhusu Mama. Amekaa sakafuni akanieleza, na namwandika kama alivyosema, maana sitaki kumwongezea wala kumpunguzia.

"Mwaka ule tulipokimbia nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulitembea siku sita. Niliona mtoto mmoja amekalishwa hivyo, anakula kitu. Nikampita. Nguvu ya kumbeba nilikuwa nayo, dada. Nilikuwa nimebeba redio ya mjomba."

Redio. Nilimwangalia mtu huyu anayechekesha Juba nzima. Alisema redio yenyewe haikuwa na betri.

Jumanne, 12 Juni

Mvua mchana kutwa. Mama anapika, hanitazami.

Jumatatu, 18 Juni

Jada amemtuma mtu aniite. Dukani nimemkuta mwanamke anayeuza bamia, Mama Paulino, mwanamke mpole ambaye sijamsikia akibishana hata na Mwarabu wa mizani. Amemshika Gune shati. "Nani naleta habari yangu kwako? Bwana yangu mwenyewe hapana jua!" Ameona karatasi kwenye karanga, kama Mama.

Gune ameapa kwamba si huyu mama aliyechorwa. Mwanamke amempiga kidole kifuani: kichuguu ni kile, nguo ni ile, hata mzigo ulikuwa hivyo. Jada amefunga duka saa sita mchana, jambo ambalo hajalifanya tangu azaliwe.

Ijumaa, 22 Juni

Watano sasa. Jana watatu, mmoja akiwa na wajukuu. Kila mmoja anakuja na hasira, kila mmoja ana uhakika kwamba picha ni yake na kwamba kuna mtu amemsaliti. Hawajuani. Yule aliyekuja asubuhi alipoambiwa kwamba kuna wengine wanne, alikaa chini ghafla mbele ya duka, kwenye tope, na kitenge chake cha Jumapili.

Mimi siwezi kuzoea. Nawaandika majina nyuma ya daftari hili, maana wawili wameniomba niandike, sijui wanataka nifanye nini nayo. Kusema kweli nawaogopa, na nawachukia kidogo. Mtu anamwachaje mtoto kama mtu anavyoacha mwavuli? Najua Mama ni mmoja wao. Naandika hivyohivyo.

Jumamosi, 23 Juni

Kituko. Dereva ametuletea karatasi kutoka Nairobi. Kuna vijana huko wanaochapa magazeti ya picha kwa mashine kama yetu, na mmoja wao amepata karatasi ya Gune, ameichora upya kwa wino mzuri kuliko wetu, ameijaza maneno. Na ameongeza visanduku viwili: mtoto amekuwa daktari, ana gari, anacheka.

Nilitegemea Gune atapasuka. Amelitazama lile gari kwa muda mrefu, akasema magurudumu yamechorwa vizuri, kisha akatoka nje. Jada anasema tungefanya hivyo sisi wenyewe, tungeuza Afrika nzima.

Jumamosi, 30 Juni

Tumechapa tena ile karatasi. Si Gune aliyetaka, ni watu. Stensili ilichanika kwenye kichuguu tukaiziba kwa rangi ya kucha. Zimekwisha zote, na hakuna aliyecheka. Wanaume wananunua, wanakunja, wanatia mfukoni, wanaondoka bila kusalimu.

Wanawake wamefika tisa.

Jumamosi, 7 Julai

Leo amekuja mmoja tofauti. Ametoka Nesitu kwa lori, anauza chakula kule kwenye maegesho kama Mama hapa. Mrefu, mweusi sana, pengo mbele. Hakushika mtu shati. Alisalimu kila mmoja kwa mkono, akasema anaitwa Mama Tisa, si hesabu bali jina la mtoto, akamwomba Gune radhi kwa kumsumbua. Kisha akauliza swali ambalo wale wengine hawakuuliza. Aliweka kidole kwenye kisanduku cha mwisho. "Huyu, yeye nafika wapi?"

Gune alisema hajui. Alisema alimpita.

Nikamuuliza mimi, kwa ule mdomo wangu, "Na huyo Tisa yuko wapi?"

"Si ndiyo huyu," akasema. Kidole hakikutoka kwenye karatasi. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga wa miezi minne, mkononi Fortunato wa miaka sita, kichwani unga. Tisa alikuwa anafuata nyuma kwa miguu yake, siku ya nne miguu ikakataa.

Na mimi nikasema, naliandika hapa ili nione haya kila nikifungua: "Na bado unaacha watu wakuite kwa jina lake? Huoni aibu?"

Hakukasirika. "Fortunato iko, yeye mkubwa, watu walitaka kuita mimi Mama Fortunato. Mimi nakataa. Nani tena atasema Tisa?"

Jada alimpa sukari ya bure, na Jada hatoi kitu bure.

Jioni nilimsimulia Mama wakati anasonga asida, ugali wetu. Nilimsimulia yote, pengo, unga, jina. Nilikuwa nataka tu tuzungumze tena kama zamani. Aliacha kusonga. Mwiko ulibaki umesimama kwenye sufuria, asida ikaanza kuungua, moshi ukajaa, na yeye ameutazama tu. Nikamwita mara mbili. Akasema, "Nesitu? Hapa karibu?" Nesitu! Lori linafika kabla chai haijapoa.

Jumapili, 8 Julai

Baada ya misa Mama amesema tunahama. Yei, au hata Maridi, ana binamu huko. Lini? Wiki hii. Nimemwambia kazi yangu je? Amesema mapadri wako kila mahali.

Jumatano, 11 Julai

Amewauzia majirani sufuria mbili kubwa. Mto umepanda.

Jumamosi, 14 Julai

Sijaenda kuchapa. Mama amenishika mkono asubuhi, akaniambia nisiende Hai Jalaba tena, na nisizungumze na yule wa Nesitu. Nilidhani anaona aibu kwa ajili ya Lagu. Nilimwambia, Mama, wako kumi na mmoja sasa, si wewe peke yako. Akalia. Sijui nimesema nini kibaya.

Alhamisi, 19 Julai

Wino umenimwagikia, lakini nisipoandika leo nitaanza kuamini kwamba nimeota.

Lori la Yei lilikuwa liondoke saa tatu. Mvua ikalizuia. Tulikaa chini ya rakuba juu ya mizigo yetu, maji yanapita katikati ya miguu, na mimi nilikuwa nimenuna, simsemeshi. Nilifungua ile orodha ya wanawake nikaanza kuisoma kwa sauti ili kumuudhi. Mama Paulino. Mama Albino. Nilipofika Mama Tisa aliniziba mdomo kwa kiganja.

"Ngoja. Mimi nasema. Wewe hapana tazama mimi, tazama barabara."

Nikatazama barabara.

Alisema Lagu hakuachwa akiwa hai. Lagu alimfia mgongoni asubuhi, naye alitembea naye mpaka jua la utosi kwa sababu hakuweza kumfungua. Kisha alimfungua. Alimlaza, alimfunika majani, hakuwa na kitu cha kuchimbia. Akaendelea kutembea, nguo ya mgongoni inapepea tupu, akihisi bado mtu yumo. Njia ikapinda. Penye kichuguu alikuwapo mtoto, amekaa, anakula muhogo.

"Mimi nauliza, jina yako nani? Yeye nasema Tisa."

Nilitazama barabara. Lilipita tangi la mafuta, likaturushia matope, na hakuna aliyejifuta.

Alimfunga mgongoni. Mahali pale pale, kwa nguo ile ile, ikiwa bado na joto, ndivyo alivyosema. Alimwita Tisa mpaka Nimule. Kambini karani alipoandika majina ya mgao wa chakula, Mama aliona wanawake wengi wamepanga foleni, akaogopa kwamba mmoja atasikia jina lile na kugeuka. Akamwambia karani: Natalina. Na kuanzia siku ile yeye aliyekuwa Mama Lagu akawa Mama Natalina.

"Hapana kuwa na mtu?" nikauliza. Nilishangaa kujisikia nikisema kwa Kiswahili chake. "Karibu hapo hapana kuwa na mtu?"

"Hapana mtu," akasema.

Sikulia. Kitu cha kipumbavu kilichonijia kichwani ni kwamba nimewahi kukiona kisanduku cha mwisho nikasema kimekosa wino. Ni mimi. Yule niliyesema ameachwa kama mwavuli ni mimi, na mwanamke niliyemuuliza kama haoni aibu, alisimama mbele yangu na kidole chake, na nilimjibu jeuri.

Mvua ilipokatika dereva wa Yei alikuja kutuita. Nimemwambia mimi sipandi. Mama hakubishana. Ameshusha mizigo mmoja mmoja.

Ijumaa, 20 Julai

Sikumwita Mama leo. Sikujua nimwite nani. Kila neno nililotaka kumwambia linaanzia hapo.

Jumatatu, 23 Julai

Nimemwambia Gune. Amevua kofia yake akaiweka magotini, kama mtu aliye kanisani. Aliniuliza kama muhogo ulikuwa mbichi au umechemshwa. Nilitaka kumpiga, kisha nikaona anauliza kwa sababu ameuchora vibaya. Anaweza kuwa alinipita mimi. Anaweza kuwa alimpita mwingine. Hatutajua, na ndiyo maana hajaweza kuchora tena tangu Juni.

Alhamisi, 26 Julai

Nimemwambia Mama kwamba Jumamosi ninakwenda Nesitu. Amesema, "Nenda. Wewe mkubwa." Ameingia ndani, amekaa na mgongo mlangoni.

Jumamosi, 28 Julai

Nilipoamka alikuwa amekwisha kuoga, amevaa gauni lake la Pasaka, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Tumepanda lori la chumvi, tumekaa nyuma, kila mmoja upande wake.

Mama Tisa alikuwa anakata vitunguu. Alinitambua, akacheka na pengo lake, akafuta kiti kwa kanga. Hakunionyesha kinyongo chochote, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimetunga hotuba tangu Alhamisi, mimi mwenye maneno ya gazeti zima, na yote yamenitoka. Nimesimama kama nguzo.

Ni Mama aliyesema. Hakukaa kitini. Amekaa chini, kwenye vumbi, na gauni la Pasaka, na amesema yote kwa pumzi moja, Lagu, majani, njia ilipopinda, muhogo, jina. Mama Tisa alishikilia kisu na kitunguu, hakuviweka. Macho yake yalikuja kwangu yakakaa. Alitazama miguu yangu kwanza. Miguu! Alitazama miguu yangu kwa muda mrefu kana kwamba anaangalia kama imepona.

Nikadhani sasa atanikumbatia, au atapiga yowe, au atamrukia Mama. Nilijiandaa kwa yote matatu.

Lakini Mama hakuwa amemaliza. Alinitazama mimi, siyo yeye, akasema, "Natalina, mimi naongopa wewe. Mtu alikuwako."

Madereva waliokuwa wakila waliacha kula.

"Wewe," Mama akamwambia yule mwanamke. "Wewe iko bado naonekana. Mbele, karibu na mti. Mimi naona mgongo yako, unga kwa kichwa, kijana kwa mkono. Mimi naweza kuita. Sauti ilikuwako. Nguo yangu ilikuwa tupu, mama. Mimi hapana ita."

Sikuwahi kufikiri kwamba mshtuko una ngazi ya chini yake. Nilimtazama mwanamke aliyenibeba mpaka Nimule, aliyeninyima jina langu, aliyenilisha kabla yake mwenyewe miaka kumi na minne, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba sikuokotwa tu. Nilichukuliwa. Nilimchukia, naandika hivyo, nilimchukia kabisa kwa muda wa kitunguu kimoja kuanguka na kubingirika mpaka kwenye majivu.

Mama Tisa alikiokota. Akakipangusa majivu kwa makini, pande zote, akakirudisha kwenye sinia. Kisha akakaa chini vumbini, karibu na Mama, magoti yao yakagusana.

"Siku ile mimi nasikia miguu yako nyuma," akasema. "Mimi najua mtu nakuja. Ungeita, mimi hapana geuka."